Punda Nisiyemwona

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa mzima, na furaha imenijaa hadi kalamu inaruka. Lori letu limefika! Kilomita mia tisa bila mtu kugusa usukani.

Ungeliona ungecheka. Mafundi wamelifungia kamera kila upande, na juu ya paa kuna kifaa kama sufuria iliyofunikwa, kinachopima umbali kwa mwanga. Mimi, dereva wa miaka ishirini, kazi yangu ni kukaa tayari kushika usukani likikosea. Mhandisi wetu, binti mdogo kuliko wewe, ananiita Mwalimu, kwa kuwa nimelifundisha kupita kwenye vumbi.

Siku ya pili asubuhi, jua likitupiga usoni, lori likafunga breki ghafla.

"Limechanganyikiwa hili!" nikafoka. "Barabara si nyeupe kabisa, haina kitu?"

Mhandisi akanigeukia taratibu. "Mwalimu, kuna punda mbele yetu."

Nikakodoa macho. Sikumwona mpaka alipotikisa masikio.

Nisamehe, nilikuficha. Jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka jana, nami niliogopa kunyang'anywa leseni. Pale pale nikamweleza mhandisi ukweli. Hakunikaripia. Tulibadilishana viti, akamaliza safari yeye akiwa tayari, usukani bila kuugusa.

Daktari anasema ni mtoto wa jicho, atanipasua Alhamisi, na nikiona vizuri kiti changu kipo. Njoo basi unishike mkono. Nimeshuka milima na tani thelathini mgongoni, lakini kisu kile kidogo kinanitetemesha.

Dada yako,
anayekutazamia kwa jicho moja na nusu