Jumamosi Arobaini na Moja

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nitaendesha gari! Canter! Ya bluu!

Ngoja nitulie, niandike vizuri. Asubuhi nilikuwa kwenye cherehani yangu, napinda gauni la mtu, Mama Julienne akaja mwenyewe. Ndiye mwenyekiti wa ushirika wa wamama wa mpunga. Wamenunua Canter, wanatafuta shofere. Amesikia kwamba mjomba Faradji alinifundisha kuendesha kamio yake, lori la mizigo, na kwamba daraja la miti kabla ya Wamaza nalivuka bila kufumba macho. Nani amemwambia? Lakini ni kweli! Wamama, anasema, wamechoka na mashofere wanaolewa njiani. "Weye Faida unatulia." Mimi, natulia! Nilimkumbatia hadi sindano ikamchoma.

Miaka kumi nakaa upande wa kulia kwenye kamio ya mjomba, natazama miguu yake. Sasa nitakaa kushoto. Sijawahi kutaka kitu namna hii, hata kuolewa.

Sharti ni moja. Jumatatu ijayo dosie yangu ya permi, makaratasi ya leseni, iwe imepokelewa biro, ofisini. Bila hivyo gari anapewa Gaston. Gaston ana permi, ndiyo. Ana pia ukuta wa Mama Ernestine, aliouangusha mwezi wa nane.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda biro na kitenge changu cha harusi. Bwana Nestor wa permi ni mtu wa adabu, lakini karatasi anaisoma mbele na nyuma. Anataka picha nne, cheti cha macho, karte ya uchaguzi ili ajue mimi ni nani, na ajue naishi wapi. Picha ya kwanza ameikataa, nilikuwa nacheka. Nimepiga nyingine na uso wa matanga. Macho – daktari anasema naona mpaka Nyangwe. Karte...

Akaigeuza. Akaisoma. Akanitazama.

"Mama, hapa wameandika unaikala Wamaza, territoire ya Kabambare. Sasa juu ya nini unaleta dosie Kasongo?"

Haya. Hapa hakuna anayesoma ila mimi, niseme ukweli. Mwaka jana walipoandikisha wapiga kura, foleni ya Kasongo ilianza alfajiri na kuisha kesho yake. Mimi kila Ijumaa napanda kamio ya mjomba, Jumamosi nauza magauni yangu soko la Wamaza. Na kule foleni ilikuwa watu sita! Wakauliza, unaikala wapi? Nikasema hapa. Dakika ishirini, karte mkononi. Majirani zangu walikesha na vigoda kwenye mstari, mimi nikarudi nawacheka. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Nestor anasema njia ni mbili. Ya kwanza, shefu wa Wamaza anipe hati ya makazi, na dosie niipeleke Kabambare, wilaya yao – kwa mvua hizi, Jumatatu itanikuta bado nasukuma pikipiki. Ya pili, shefu wa avenyu yangu hapa Kasongo, mkuu wa mtaa, aandike kwamba naishi kwake, na muhuri juu. Basi rahisi! Shefu Iliasi yuko nyumba ya nne kutoka kwangu. Nimerudi naimba njia nzima.

Jumatano, 13 Novemba

Si rahisi. Amekataa!

Alikuwa kibarazani na kofia yake nyeupe, daftari la salongo mapajani. Daftari lile ndilo roho yake. Kila Jumamosi avenyu nzima inatoka na majembe kuzibua mifereji, na saa nne shefu anasoma majina, nyumba kwa nyumba. Nikapiga goti, nikaeleza shida yangu. Akanisikiliza vizuri sana, akanimaliza.

"Mwanangu, sura yako naijua. Lakini mukaaji wa avenyu yangu namujua kwa jembe. Weye Jumamosi hauko. Miye nitatia sahihi namna gani juu ya mutu hauko?"

Miaka mitano niko hapa! Ameoa, nimemshonea mke wake gauni! Nilitoka na hasira, nikajigonga kidole kwenye ngazi yake, na hasira ikaisha kwa maumivu.

Mchana nikampigia shefu wa Wamaza, nijue tu. Furaha yake! "Mama wa magauni? Weye unaikala hapa kabisa! Kila Jumamosi tunakuona!" Yuko tayari kusaini hata kabla sijamaliza kuomba. Nilikata simu nikacheka mpaka nikakaa chini. Wamaza naishi kwa sababu ya Jumamosi, Kasongo siishi kwa sababu ya Jumamosi! Lakini siendi. Kabambare ni mbali, na kwa adrese nimeshasema uongo mmoja, umenitosha.

Gaston kapita na Canter, anaijaribu. Kapiga honi mbele ya mlango wangu makusudi. Honi yenyewe nzuri.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepata! Nimepata! Ilinijia nikitia uzi kwenye sindano, nikaacha gauni la mteja wangu Malaika likiwa na mkono mmoja na nikakimbia.

Nikamwomba shefu, kwa heshima zote, anionyeshe jina langu kwenye daftari. Akafungua kwa raha, alijua ni aibu yangu. Mwaka huu Jumamosi arobaini na tano. Faida yupo: mara nne, zile wiki kamio ya mjomba ilipokufa injini. Faida hayupo: mara arobaini na moja. Mwandiko mzuri, wino mwekundu.

Nikauliza:

"Shefu, kuko mutu wa Nyangwe humu mumeandika hayupo?"

"Hapana. Wa Nyangwe nitamuandika juu ya nini? Haikale hapa."

"Na wa Lusangi?"

"Hapana."

"Na miye, Shefu, mumeniandika hayupo mara ngapi?"

Akatazama daftari. Akanitazama. Nyuma ya pazia mke wake, Mama Aïcha, akapasuka kicheko hadi sahani ikaanguka. Shefu akajaribu kukunja uso, mdomo ukamsaliti.

"Weye mutoto iko na maneno," akasema.

Akachukua karatasi, akaandika yote: jina langu, avenyu, namba ya nyumba, miaka mitano. Nikanyoosha mkono – akaikunja, akaitia mfukoni. Sahihi na muhuri ni Jumamosi, baada ya kusoma majina, pale pale mferejini. Anataka kuniona na jembe kwanza. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Njiani nikakumbuka magauni kumi na mawili, wenyewe wako Wamaza.

Ijumaa, 15 Novemba

Mjomba ameondoka bila mimi, magauni yangu nyuma ya siti. Hajui gauni la mtu mnene wala mwembamba, atawavalisha anavyojua. Mama Julienne kauliza dosie imefika wapi. Nikasema iko mfukoni mwa shefu. Akacheka, lakini akanikumbusha siku.

Kumbe sina jembe! Alimasi, jirani wa kulia, ameniazima lake. Mpini unacheza. Naomba mvua isinyeshe.

Jumamosi, 16 Novemba

Imenyesha!

Naandika haraka, daftari langu kwenye usukani. Ndiyo, USUKANI! Tope limenifika magotini, viganja vimetoka malengelenge, sijali.

Saa moja nilikuwa mferejini, wa kwanza. Watu walikuja kunitazama. Alimasi akauliza nani amekufa. Upande wa pili alikuwa Espoir, polisi wa barabara, yule anayesimamisha pikipiki zote za mji, leo na kaptula iliyopasuka na koleo. Shefu anapita, anatazama jembe langu, anaendelea mbele. Karatasi yangu naiona inachungulia mfukoni mwake. Ilianza kulowa pembeni. Nikaomba Mungu ampe shefu mwavuli.

Saa tatu Mama Julienne akatuma Canter na mawe ya kujengea ukingo. Shofere: Gaston. Avenyu ilikuwa imefungwa, tukamwonyesha apite kulia, udongo mgumu. Akapita kushoto. Gurudumu la nyuma likaingia. Akakanyaga mafuta, likazama. Akakanyaga tena, tope likaruka lote – kwenye kofia ya shefu! Kofia nyeupe! Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Mama Aïcha akathubutu, na avenyu nzima ikafuata.

Gaston akashuka, akasema barabara ni mbaya, akaenda kutafuta watu wa kusukuma. Mama Julienne akageuka. "Faida, panda."

Nikamtazama Espoir. Espoir akanitazama.

"Permi iko wapi?"

"Iko mu mufuko ya Shefu," nikasema.

Akatazama avenyu iliyofungwa, watu na majembe yao, gurudumu. Akasema leo ana koleo tu, firimbi ameiacha nyumbani, lakini hatua kumi, si kumi na moja, na atazihesabu. Nikawaomba waweke mawe na majani chini ya gurudumu. Nikaingia kushoto. Moyo! Gia ya kwanza, taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mjomba. Sikukanyaga, niligusa tu. Ikapanda! Ikatoka yenyewe! Wamama walipiga vigelegele, na Espoir akapiga kelele, "Tisa! Simama!" Nikasimama.

Wanapakua mawe sasa. Nimeambiwa nisishuke, mguu uwe kwenye breki. Gaston amerudi na watu sita, hana la kuwafanyisha.

Saa nne! Shefu amesimama juu ya ukingo na kofia yake ya tope, daftari mkononi. Anasoma. Kutoka hapa simwoni vizuri, wala yeye hanioni, Canter imejaa watu mbele. Akisema hayupo mara ya arobaini na mbili, je?

Nyumba ya Ernestine – yupo. Alimasi – yupo. Nyumba yetu, Faradji – kimya. "Hayupo," amesema shefu, anaandika. Vizuri, mjomba bado ni mkazi.

Baada ya Faradji ni mimi. Kalamu mkono mmoja, mkono mwingine uko juu ya honi