Suzi Mkononi

Jumatatu, 3 Juni
Nimechuma kahawa mpaka mchana. Jua kali, na mimi nimevaa shati la mikono mirefu. Chini ya shati yupo Suzi, tatuu ya herufi nne kubwa, kutoka kifundo cha mkono kupanda juu. Nilichorwa Mwanza, nikiwa kijana mwenye akili ya kuku. Jumapili naenda Rubwera kujitambulisha kwa kina Levina, mchumba wangu. Yeye anajua habari za Suzi, hucheka tu. Mama yake hajui. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni
Rafiki yangu Projestus kaniletea kichupa cha dawa kutoka mnadani. Eti tatuu inabanduka yenyewe. Nimepaka kwenye herufi I. Nimeruka kama senene kwenye kikaango! Ngozi imevimba, wino uko palepale. Projestus kacheka hadi kakaa chini. Mimi pia, baadaye.

Alhamisi, 6 Juni
Bodaboda hadi hospitali ya Nyakahanga, kutibu kidonda. Nesi, mama wa makamo, kakisafisha huku akinigombeza. Dawa hizo huchoma nyama, wino hubaki. Njia zipo: leza, mwanga wa kuvunja wino, katika miji mikubwa, kurudi mara nyingi, miezi mingi, na huenda kivuli kikabaki. Kukata ngozi na kushona: kwa tatuu ndogo, na kovu lazima. Au kuchora kitu kingine juu yake.
"Kwa Jumapili je, mama?"
"Kwa Jumapili, mwanangu, ni shati."

Ijumaa, 7 Juni
Levina anasema nimchore ng'ombe juu ya Suzi. Hana huruma. Nampenda.

Jumapili, 9 Juni
Shikamoo zilikwenda vizuri. Kahawa ya kutafuna ikapita. Kisha ndizi na nyama, na mama mkwe mwenyewe akaja na birika la maji ya kunawa.
"Kunja shati, mwanangu, utalowa."
Nikakunja. Ningefanyaje? Maji yakakoma.
"Suzi ndiye nani?"
"Niliyempenda zamani, mama. Nilidhani mapenzi hayataisha."
Levina anatazama dari.
"Na huyu wangu utamchora wapi?"
"Simchori, mama. Namuoa."
Alicheka mpaka birika likamponyoka. Nimelowa hadi magotini. Baba mkwe akaagiza rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Jumatatu, 10 Juni
Ukungu. Nimeanika kahawa. Mama mkwe kapiga simu mapema, kuulizia kidonda. Mavuno yakiisha nitaulizia leza Mwanza. Taratibu. Levina atanisindikiza. Tutavuka ziwa, naye hajawahi kupanda meli.