Heri Nife Mkavu

14 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na bibi harusi wetu huko alikoolewa. Mimi huku juu sijambo. Ya huku chini mumeo alishawatangazia wote, sina la kuongeza.

Nilikuja kumpigia mpwa wangu tarumbeta harusini kwa sababu mimi ni mjomba wake, na kwa sababu hakuna mwingine katika bendi yetu anayeifikia ile sauti ya juu. Daktari aliniambia tangu aliponitoa tezi dume: ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua mzigo au ukipuliza kwa nguvu, mkojo utakuja wenyewe. Nilijua. Nilivaa pedi nene, sikunywa hata chai tangu asubuhi. Lakini furaha ilinizidi, nikapuliza kama zamani, na ile suruali ya kaki ya bendi haifichi kitu.

Ningeondoka kimyakimya. Wageni walikuwa wanamtazama bibi harusi. Ni mumeo aliyekamata kipaza sauti, akasema kwa sauti ileile anayouzia makochi ya watu mnadani: "Jamani, mjomba akipuliza juu, na chini kunapuliza! Msishangae, shemeji yangu siku hizi anavaa nepi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mpiga ngoma wetu alicheka.

Hiyo habari ya nepi aliipata wapi? Ulipokaa kwangu baada ya upasuaji ukinifulia mashuka, nilikuomba kitu kimoja tu, kwamba mambo haya yaishie kwetu wawili.

Kwako sikanyagi tena. Na yeye nitamlipa, hata ikinichukua umri wote uliobaki.

Kaka yako


2 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Ngozi bado inakuwasha? Usiache yale mafuta, na ujikaushe vizuri kila unapobadilisha.

Ni kweli, nilimwambia mimi. Niliporudi kutoka kwako aliniuliza kwa nini mikono yangu imechubuka hivi, nikamweleza kama mke anavyomweleza mumewe. Sikujua kama anaweka akiba ya kuchekea watu.

Nimemgombeza mpaka sauti imenikauka. Anasema ulikuwa utani wa mashemeji, na mwanamume hanuni kwa utani. Nimemwambia aje akuombe radhi. Anasema atakuja ukiacha kununa.

Nisamehe mimi kwanza, kaka.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Asante kwa kuniulizia ngozi. Inawasha.

Kiongozi wa bendi ameniomba "nipumzike kidogo". Nafasi yangu ameipata jamaa anayepuliza kama anawasha jiko. Wenye maduka mtaani kwetu wameacha kuniita kwa jina, sasa naitwa Bomba. Nikiingia kununua sukari, kuna mchekeshaji mmoja huniuliza kama leo nimefunga koki. Vikaoni naketi karibu na mlango, juu ya gazeti lililokunjwa, na mtu akinusanusa hewa tu, hata kama ananusa mchuzi, nasimama naaga.

Mwambie mumeo sijanuna. Namwombea. Namwombea umri mrefu na kibofu chenye tundu.

Kaka yako


8 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Barua zangu zote za katikati hukuzijibu, na najua ulizipata. Naomba hii uisome mpaka mwisho.

Mume wangu anaumwa. Alianza kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, kisha ikawa anasimama chooni muda mrefu na hakitoki kitu. Wamempima. Ni saratani ya tezi dume, kama yako. Daktari anasema haijasambaa, wakimpasua mapema atapona.

Amekataa. Nimelia, bibi harusi wetu amelia, wapi. Unajua anachosema? "Nimeona yaliyompata kaka yako. Siwezi kusimama mnadani na nepi. Heri nife mkavu."

Hamsikilizi mtu. Atakusikiliza wewe, kwa sababu wewe umepita huko na bado unatembea. Njoo, kaka, uongee naye.

Mdogo wako


19 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu, na poleni. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikacheka mpaka nikabadilisha suruali.

Kwa hiyo ule utani sasa hauchekeshi? Mwanamume hanuni, si ndivyo alivyosema? Mwache afe mkavu. Nitakuja kuzika, nitavaa vizuri, na nitasimama mstari wa mbele.

Kaka yako


1 Oktoba

Kaka,

Leo sikuamkii.

Unasema unamlipa yeye. Akifa yeye atakuwa amelala, hatasikia kitu. Mjane nitakuwa mimi. Ukitaka kulipiza, lipiza kwangu mimi niliyefungua mdomo, wala usizunguke kupitia kaburi la mume wangu.

Mashuka yako niliyafua kwa mikono hii na sikuwahi kuziba pua. Sikuombi tena. Nilitaka tu ujue kwamba barua yako niliisoma jikoni, naye akaniuliza kutoka chumbani, "Kaka amesemaje?" Nikamjibu, "Anakusalimu."

Dada yako


6 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimekusikia. Maneno yanayofuata si yako. Msomee mumeo, kwa sauti.

Shemeji, nasikia unataka kufa. Mimi nimekataa. Maiti haoni haya, kwa hiyo ukifa utakuwa umenidhulumu mara ya pili.

Utapasuliwa. Utaamka na mpira wa mkojo umening'inia ubavuni kama mfuko wa juisi. Watakapouchomoa utalowa. Utalowa ukinyanyuka kitini, utalowa ukipiga chafya, na siku utakayosahau ukacheka, utalowa zaidi. Utanunua pedi ukimwambia muuzaji ni za mgonjwa. Utafanya mazoezi ya kubana misuli ya chini, ukiwa umeketi na wageni, uso umekaza kama mtu anayekumbuka deni. Wengine hukauka baada ya miezi. Mimi sikukauka.

Lakini asubuhi naamka, shemeji. Chakula nakiona kitamu. Mtu akinikosea, ninazo nguvu za kumfokea. Ule ukumbi ulioniangulia kicheko, nimeuishi na nimeuvuka. Nataka na wewe uishi miaka mingi, ulowe hadharani, nikiwa nimeketi mbele nakutazama.

Nakuja Jumatatu, tunakwenda hospitali pamoja. Ukijifungia ndani, nitasimama mlangoni kwako na tarumbeta nipulize mpaka mtaa mzima utoke, kisha niwaeleze unachokiogopa.

Shemeji yako, Bomba


17 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo, na hilo ndilo linalonipa shida kuandika.

Tangu ulipoondoka baada ya upasuaji kumekuwa na vituko. Mpira ulipotolewa alilowa, akalia, akatukana daktari, akamtukana na fundi aliyemshonea suruali. Mimi nikafua. Mazoezi uliyomfundisha aliyafanya bila kuacha, hata wakati wa kula. Kidogo kidogo ikapungua. Kaka, sijui nikuambieje. Amekauka. Daktari anasema miili haifanani, wala si kosa la mtu. Ameshaanza kurudi mnadani.

Anataka kuja kukusalimu, lakini kila akivaa viatu anavivua. Anasema ataketije mbele yako akiwa mkavu.

Kitu kingine. Pale mlangoni pa chumba cha upasuaji, uliposhika mkono wake, nilimwona amekuvuta akakunong'oneza. Nikimuuliza alisema nini, anageukia ukutani. Niambie wewe.

Mdogo wako


29 Januari

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote.

Kwa hiyo hata hapa amenishinda. Nilishamnunulia pedi, nikamchagulia zile ngumu zinazokwaruza mapaja. Sasa nazivaa mwenyewe. Siku niliyopata barua yako nililia kwa hasira, nikakohoa kwa kulia, na kilichofuata unakijua. Nimemwokoa mtu, kisha nikamlaani kwa kupona. Usinihubirie. Niache nikasirike kwanza, ni haki yangu.

Aje, kama anataka. Ila aje mchana, apite mbele ya maduka yote, aketi nami kibarazani watu wakituona. Chai nitampa. Radhi yake nitaisikiliza. Kuipokea, sijui.

Umeniuliza alininong'oneza nini. Yalikuwa maneno machache, nusu yake machozi, na siku nikiyatamka mbele ya watu mumeo hatauza tena hata kijiko. Nenda ukamuulize mwenyewe. Kwangu huyapati, wala mwingine hatayapata. Hivyo ndivyo siri ya mtu inavyotunzwa, mdogo wangu.

Lakini yeye kila akiniona, ajue ninayakumbuka neno kwa neno.

Kaka yako