Mlezi Hayumo Kwenye Fomu

Kwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo Dada. Nianze kwa kuuliza mguu, maana ukiulizwa hali unasema nzuri hata kama hujiwezi. Uvimbe umepungua? Kile kidole kimerudi rangi yake au bado ni cheusi? Shemeji hajambo, na watoto? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kueleza unanikatisha, ukimaliza kunikatisha unalia, na wewe ukilia mimi nasahau nilichotaka kusema. Barua hii nampa dereva wa lori letu anayekuja upande huo. Isome mpaka mwisho kabla hujapiga kelele.

Shemeji alinipigia kwa siri, usimgombeze. Alisema umemwambia daktari huingii chumba cha upasuaji mpaka mimi nifike. Daktari amekasirika, anasema leo ni vidole tu, lakini kidonda kinapanda na ukizidi kuchelewa atakata hadi gotini. Shemeji amekubembeleza mpaka kachoka, na wewe una jibu moja tu: mwiteni mdogo wangu. Dada, mkaidi kama wewe sijamwona. Lakini sikulaumu. Na mimi huku sijakaa tu. Tangu nilipopata habari hizo nimekuwa nikipigana na kompyuta.

Ngoja nikueleze, maana ukisikia hivyo utadhani nimerukwa na akili. Unajua nabeba katoni za samaki na nyama kwenye ghala la baridi. Zamani mtu akipata shida nyumbani alimwona msimamizi, msimamizi anaandika kikaratasi, unakwenda. Siku hizi karatasi ni marufuku. Likizo inaombwa kwenye kompyuta iliyo kwenye kibanda cha stoo, moja kwa watu wote. Usipoiomba huko ukaondoka, kadi yako ya getini inazimwa, na ikizimwa ndiyo kwaheri ya kazi.

Kompyuta yenyewe ina kiburi. Ukikaa kidogo bila kuigusa inajifunga, inataka nywila upya. Mimi natoka kwenye barafu vidole vimekufa ganzi, naandika kwa kidole kimoja, natafuta herufi moja moja. Nikiinua macho, imejifunga na kila nilichoandika kimepotea. Kobe, mwenzangu wa kubeba, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni siku hiyo. Alisema kwa mwendo wangu mgonjwa atapona mwenyewe kabla sijamaliza jina lake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Hatimaye nikafika mahali panapouliza mgonjwa ni nani wako. Hapaandikwi, panachaguliwa. Kuna mume au mke, kuna mtoto, kuna baba, kuna mama. Basi. Dada hakuna. Mlezi hakuna. Nikaona si neno, wewe ndiye mama niliyemjua, nikachagua mama. Ikakataa kwa maandishi mekundu, ikasema mama wa mfanyakazi huyu amefariki. Kumbe nilipoajiriwa niliwaambia kweli kuhusu Mama, na wameitunza hiyo kweli ili waje wanipige nayo.

Nikaenda kwa msimamizi. Ni mtu mwema lakini mwoga. Alisema anakujua, nimemsimulia siku nyingi ulivyonibeba mgongoni ukiwa mtoto mwenyewe, na kama ingekuwa juu yake ningeondoka saa ile ile. Ila mikono yake imefungwa, fomu inatoka makao makuu. Akaniambia nimwone fundi wa kompyuta.

Huyu fundi tunamwita Waya. Ni kijana mwembamba anayekula akiwa amesimama, na matawi yetu yote yanamtegemea yeye. Alinisikiliza, akasema hilo ni jambo dogo mno, ataongeza neno dada pale kwenye orodha. Akabofya hapa na pale, na kweli dada akatokea. Nusura nimkumbatie. Nikajaza fomu, nikaitwa mara moja kwenda kushusha lori, nikarudi kutuma. Dada hayupo! Orodha imerudi ilivyokuwa, mume, mke, mtoto, baba, mama.

Waya aliongeza tena, ikafutika tena. Akaongeza asubuhi, ikafutika kabla ya chai. Mwisho akaketi kwenye kreti akanifafanulia. Alisema fomu tunayoiona si yetu, ni nakala. Fomu mama iko kwenye mashine kubwa makao makuu, pamoja na masharti yote: picha ipi ikae kwenye kioo, kompyuta ijifunge baada ya muda gani, orodha iwe na maneno yapi. Kompyuta zetu, kila baada ya muda mfupi, zinauliza kule kuna amri gani, na zikishajibiwa zinafuta chochote mtu wa huku alichobadilisha. Hakuna aliyekaa akanikataa, alisema, ni mashine inatii tu. Nikamwambia hilo ndilo linalonitia hasira zaidi. Angekuwepo mtu ningemwangukia miguuni. Sasa nimwangukie nani, ile picha ya ghorofa la makao makuu waliyoiweka kwenye kioo?

Alinisaidia kuandika ombi makao makuu, waongeze neno moja tu. Jibu lilikuja papo hapo, nikafurahi, kumbe ni mashine inasema ombi limepokelewa. Siku ya pili likaja jingine, ombi limefungwa. Waya akapiga simu. Walimwambia orodha ni ya matawi yote, kuibadilisha kunahitaji kikao, na kikao kimeshapita, tusubiri kijacho. Aliwaambia kuna mguu wa mtu hapa. Wakamwambia aandike ombi. Kobe akauliza kama mguu nao unaweza kusubiri kikao. Nilitaka kumrushia katoni.

Sasa Dada, kaa vizuri, fika hapa taratibu.

Juzi Waya alinivuta pembeni. Alikuwa akichungulia fomu zote ili aone kama kuna njia, akakuta fomu ya likizo ya msiba. Walipobadilisha fomu nyingine hiyo waliisahau, ni ya zamani, na kwenye orodha yake maneno ni mengi. Kuna mjomba, kuna shangazi, kuna ndugu. Na kuna mlezi. Akanionyesha kwa kidole. Alisema hanishauri kitu, ananionyesha tu, kisha akaondoka zake kwenda kunywa chai.

Nilikaa pale mbele ya kioo. Nikawaza kwamba hawa watu hawakutambui ukiwa mgonjwa, wanakutambua ukishakufa. Kikajifunga, nikakifungua. Kikajifunga tena. Mara ya tatu nikachagua mlezi, nikaandika jina lako lote, na la baba likiwemo, nikatuma. Waya hakugusa kitu. Kidole ni changu na nywila ni yangu.

Jibu lilikuja kabla sijavaa glavu. Nimepewa likizo. Chini yake kulikuwa na maneno ya pole yaliyoandikwa zamani na mtu ambaye hatujui, na mahali pa jina la marehemu wameweka jina lako kwa herufi kubwa. Dada, nilijua ni uongo, uongo wangu mwenyewe, na bado nilitaka kusikia sauti yako. Ndiyo maana nilikupigia mchana ule nikakuuliza mmekula nini. Ulinifokea kwamba napoteza salio kwa maswali ya kipuuzi. Sijawahi kufurahia kufokewa kama siku ile.

Msimamizi aliisoma. Aliniambia pole sana, kwa sauti ya mtu anayejua, kisha akaongeza kwamba fomu ile inadai cheti cha kifo nikirudi, na nisipokuwa nacho yeye hataweza kunitetea. Nilimwambia nimeelewa. Nimeelewa kweli, Dada. Cheti hicho sina na sitaki kukiona. Kwa hiyo ninakuja, na huenda kazi hii ndiyo nimeiaga. Nimeshavua glavu nikampa Kobe. Alizipokea bila mzaha wowote, na kwa Kobe hilo ni jambo kubwa.

Najua utakasirika kwa sababu ya kazi, ndiyo maana nimeitanguliza barua, ukasirike wakati niko njiani, nikifika uwe umemaliza. Mwambie daktari apange siku, mimi nitakuwa mlangoni. Na wewe usitafute kisingizio kingine, maana kisingizio kilichokuwa kimebaki ni mimi tu.

Kitu kimoja. Fomu ilidai namba ya simu ya nyumbani kwa marehemu, na namba ninayoijua kichwani ni yako. Wakipiga kuhakikisha, pokea mwenyewe. Usidanganye kwa ajili yangu. Wakiuliza marehemu alikuwa nani wangu, waambie ndiye anayeongea nao, na uwaeleze vizuri, kama unavyojua kueleza ukikasirika, kwamba wewe ni dada.

Msalimie Shemeji, watoto wape pole kwa kuishi na mgonjwa mkaidi, na jirani mwambie namkumbuka. Usiloweshe kidonda.

Niko njiani,

Ni mimi mdogo wako.