Wasifu Wako Niliochelewa Kuusoma

Kaka Masatu,

Ninyi Wasabato mnasema mtu akifa amelala, hajui neno lolote mpaka siku ile. Sisi Wakatoliki tunasema mnatusikia. Leo nashika la kwetu, maana nisiposhika hilo sina mtu mwingine wa kumwambia haya. Binti yangu Wegesa yuko Mwanza kwa mumewe, akipiga simu tunaongea habari za mtoto, basi. Nyumba hapa Kiabakari imekuwa kubwa. Nakaa chumba kimoja, vingine nafagia tu.

Nianze na habari za Umoja wetu wa madiwani, najua ndizo ungeuliza kwanza.

Chumba chetu cha Iringo, pale Musoma, bado tunacho, kile cha juu ya duka la vifaa vya umeme. Wakuru bado ndiye karani wetu, bado anafungua dirisha la upande wa ziwa halafu analalamikia vumbi. Kikao cha kwanza baada ya wewe kuondoka tulikuja wachache. Cha pili tukapungua zaidi. Wale wa chama chenu wanasema nauli imepanda. Mimi najua si nauli. Ni kwamba wewe ndiye ulikuwaga unawapigia mmoja mmoja asubuhi, unawaambia, "Inuka wewe, demokrasia haiji kwa bodaboda." Nilijaribu kuwapigia mimi. Wakiona namba ya mtu wa chama kingine hawapokei. Siwalaumu. Hata mimi zamani nisingepokea.

Unakumbuka siku ya kikapu? Nilikuwa diwani wa viti maalum wa miezi mitatu, darasa la saba langu hilohilo, na nilikuwa nimetoka kufanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho. Lilikuja kabrasha nene kwenye baraza letu Butiama, sikulisoma, niliona aibu kusema maneno yake yananishinda. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Nikanyoosha mkono na wenzangu, nikasema naunga mkono kwa sauti kubwa kabisa. Kumbe huko ndani, kisima cha kijiji changu mwenyewe kimehamishiwa kata nyingine. Walionieleza ni akina mama wenzangu wa jumuiya, wamesimama na ndoo tupu. Walinieleza kwa upole. Heri wangenitukana.

Ndipo nikasikia Musoma kuna Umoja wa madiwani wa vyama vyote na makarani wao, kwamba mtu anapewa pacha wa kusoma naye makabrasha. Nikaja. Wakuru akashika kikapu, nikachomoa karatasi, likatoka jina lako. Sheria ni ileile mpaka leo: pacha atoke chama kingine na halmashauri nyingine, msije mkagombania kura moja. Nikatafuta Masatu ni nani. Mtu mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, wa chama kile tulichozoea kukizomea mikutanoni. Nikataka kurudisha karatasi. Ukasema, "Dada, hapa harudishwi mtu. Hata kanisani kwenu ndoa haivunjwi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka bila kutaka.

Kaka, wewe ulinifundisha kusoma. Shuleni nilifundishwa herufi, lakini kusoma nilifundishwa na wewe. Unatoka Bunda na rula yako na kalamu nyekundu, mimi natoka huku na chupa ya chai, unakataa chai yangu, unaomba maji ya moto na limau, mimi nakutania kwamba mtu wa ziwani asiyekula samaki mumi wala kunywa chai anaishi kwa hewa. Unaniambia, "Anza nyuma, Mama Wegesa. Mbele wanaweka maneno, nyuma kwenye majedwali wanaweka walichoamua." Nikiharakisha unagonga meza kwa rula. "Hapo umesema amina kabla sala haijaisha. Wewe ni diwani au ni mwanakwaya?"

Tulikuwaga tunabishana siasa mpaka Wakuru anatufukuza afunge ofisi. Hukuwahi kunibadili na mimi sikukubadili. Hilo watu hawalielewi nikiwaeleza.

Sasa nije kwenye lile. Nimezunguka kutosha.

Umojani kwetu, diwani akifariki, pacha wake ndiye anayesoma wasifu msibani. Ulishaniambia yale unayotaka, siku ile tumetoka kumzika mzee wa Nyakato, tukawa tunasubiri gari. Ulisema, "Mimi usiseme nilikuwa mpambanaji. Kila mtu siku hizi ni mpambanaji. Sema nilisoma makabrasha mpaka mwisho." Nikakwambia acha kujitabiria. Habari zako zilipofika nilikaa siku mbili naandika. Kurasa tatu. Niliandika, nikafuta, nikalia, nikaandika tena. Nikazitia kwenye bahasha, nikaitia mkobani.

Asubuhi ya mazishi nikiwa nimeshafunga kitambaa, katibu wa chama chetu akapiga. Sauti ya upole tu. "Mama, pole na msiba. Ila jiangalie. Kata ile inakwenda uchaguzi mdogo. Ukionekana umeshika kipaza sauti pale, safari ijayo usije kutafuta jina lako kwenye orodha." Sisi wa viti maalum unatujua, hatuna kata ya kukimbilia. Orodha ndiyo kata yetu.

Nilikuja Bunda. Nataka ujue kwamba nilikuja. Sikukaa mbele na wana Umoja, nilikaa nyuma ya turubai na wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, nikajitanda khanga mpaka machoni. Mshereheshaji akaita: pacha wa marehemu kutoka Umoja wa Madiwani, kama yupo apite mbele. Nikaangalia chini. Akaita tena. Mama Nyangeta, mkeo, akageuka pale alipokaa, akaanza kuangalia watu, mstari kwa mstari. Bahasha ilikuwa mapajani mwangu.

Akasoma mtu mwingine. Alisema ulizaliwa, ulisoma, ulioa, umeacha watoto watano, ulikuwa mpambanaji. Umoja hakuutaja. Ikaisha hapo.

Petro alikana mara tatu, mimi mara mbili, na wala halikuja jogoo kuniwikia. Niliungama kwa Padri. Alinipa kitubio, nikakifanya. Lakini yule niliyemkosea alikuwa chini ya udongo, na kitubio hakikufika huko. Tangu siku ile nikifungua kabrasha nasoma mstari mmoja halafu nasimama. Hakuna wa kugonga meza.

Kata yako tumeichukua sisi. Najua inakuuma, nakwambia tu usije ukasikia kwa wengine. Diwani mpya alikuja Iringo Jumatano iliyopita, mara yake ya kwanza, na alikuja na hoja. Kuuvunja Umoja. Akasema, "Waheshimiwa, tuambiane ukweli. Humu ndani wa upande ule wamebaki wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Umoja wa vyama na nani? Tunakuja Musoma kujiunga na nafsi zetu? Tufunge chumba, tukutane kwenye chama chetu." Watu wakapiga makofi. Wale wenzako wawili waliokuwepo wakainamisha vichwa kama watu waliotajwa kwenye mashtaka.

Wakuru akauliza kama kuna mchango kabla ya kunyoosha mikono. Sauti yake haikuwa na nguvu. Hakuna aliyesubiri, na nikauona mkono wangu mwenyewe umeshaanza kunyanyuka kutoka mezani pamoja na ya wengine. Kaka, mkono wangu ulikuwa unakwenda kuafiki. Kwa mazoea tu! Niliogopa sana. Nikausimamisha mwili wote badala ya mkono.

Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Kabla hatujavunja, kuna wasifu haujasomwa." Nikatoa bahasha, ilikuwa bado mkobani, pembe zimekwisha. Nikasoma. Mtu wa chama changu akasema mama kaa, hii si ajenda. Nikaendelea. Nilisoma kwamba ulisoma makabrasha mpaka mwisho. Nilisoma habari za kile kisima, jinsi ulivyokaa na mimi tukaandika swali la kupeleka barazani kwetu, tukaliandika upya mara nne, na jinsi kilivyorudi kijijini baada ya vikao vitatu. Nikasoma: "Alikuwa mtu wa chama kingine na wa wilaya nyingine. Kura yetu hata moja isingemfikia, na kikombe kimoja cha maji yale hakuwahi kunywa." Nikamaliza kurasa zote tatu nimesimama.

Halafu nikasema hoja yangu: kama madiwani wa upande ule ni wachache, basi walioshindwa uchaguzi na waliostaafu waingie kwenye kikapu, wanajua kusoma kama sisi. Nikakaa.

Mikono ya kuvunja haikutosha. Ilikaribia, lakini haikutosha. Usifurahi mno. Umoja umepumua, haujapona. Wenzangu walishuka ngazi bila kuniaga, wale waliokuwaga wananiita dada. Wenzako nao waliondoka haraka, nadhani waliogopa kuonekana na mimi. Wakuru alinishika bega tu. Nikateremka peke yangu, nikasimama barabarani sijui nielekee wapi, na ulikuwa mchana kabisa.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Bunda kwa Mama Nyangeta. Nikampa zile kurasa, nikamwambia siku ile nilikuwepo na nilijificha. Akasema, "Najua. Niliona viatu vyako chini ya turubai." Hakusema amenisamehe. Alizisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akarudia ukurasa wa pili. Halafu akanipakulia ugali na sato, akakaa na mimi mpaka nikamaliza kula.

Ndiyo hayo, Kaka yangu. Nimekuombea misa, utanivumilia. Chama kimeniita Ijumaa mbele ya kamati ya maadili. Jina langu nadhani litakatwa, na nimeshaanza kuzoea kwamba baada ya hapo simu haitalia kabisa. Naogopa, sitakudanganya. Lakini nakuahidi hili: nitakaa kiti cha mbele, bila khanga usoni. Wakiuliza nani alinituma kusimama pale Iringo, nitakutaja, majina yako yote matatu, na nitasema huyo ni pacha wangu.

Kwaheri. Mungu akushike pale ambapo mimi nilikuachia.

Dada yako,
Mama Wegesa