Sadaka ya Debe Zima

Mabawa, Jumatatu, Mfungo Nne, 1955

Mimi na mdomo wangu!

Asubuhi nilikuwa na debe langu la maziwa pale nje ya soko, nauza kama siku zote, mara Bwana Afya huyo mbele yangu. "Bibi, amri hukuisikia? Maziwa mabichi marufuku kuuza. Yana maradhi. Nayamwaga."

Kumwaga maziwa! Roho ikaniruka, nikajikuta nasema kwa sauti, "Siuzi, bwana. Natoa sadaka, namrehemu marehemu mama yangu."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Sadaka haikukatazwa." Kisha akawaita watu: "Jamani, njooni, bibi anatoa sadaka!"

Wakaja na bakuli na vikombe, hata wateja wangu wa kila siku, bila haya. Ningesema nini? Sadaka ukishaitamka mbele za watu hairudi nyuma. Nikateka kata baada ya kata, machozi yananilenga, na kila mmoja ananiambia, "Mola amrehemu mama yako."

Lililonimaliza ni hili. Debe lilipokaribia kwisha, Bwana Afya mwenyewe akaazima kikombe kwa muuza kahawa, akaninyooshea. Akayanywa mabichi vilevile, hayo yenye maradhi, akafuta masharubu. "Mola amrehemu."

Nikaitikia amina. Astaghfirullah! Mama yuko Pongwe, mzima wa afya. Ndiye aliyeyakama alfajiri kwa mikono yake, na kesho ataniuliza yamekwenda wapi.