Karani, Ukucha na Ng'ombe wa Saba Saba

Mpendwa Bibi Mshauri,

Nisaidie kabla ya Saba Saba, kwa maana siku hiyo ng'ombe mmoja atachinjwa au atabaki hai kwa neno langu mimi, na neno hilo sina.

Mimi ni kijana wa Ujiji, karani katika ofisi ya mifugo hapa Kigoma, nimesoma hadi kidato cha nne, kazi yangu ni kupiga taipu na kupanga mafaili, na mwaka huu yalipoletwa mafunzo ya kuwaongezea ujuzi mabwana mifugo wa mkoa mzima, bwana mifugo wetu, Ndugu Nikodemu, alikuwa amelazwa na malaria, basi mkubwa wetu akasema nafasi isipotee bure, karani aende, nami nikaenda kwa furaha kwa sababu napenda masomo. Darasani sikushindwa na kitu, Bibi, mtihani wa kuandika niliwapita wote, lakini tulipopelekwa zizini kujifunza kupima mimba ya ng'ombe, yaani mtu anapaka mkono sabuni, anauingiza kwa nyuma hadi karibu na bega na kuupapasa mfuko wa uzazi kupitia ukuta wa utumbo, mwalimu wetu Daktari Hamdani alitukagua mikono, akauona ukucha wa kidole changu cha mwisho, ambao naufuga kama vijana wengi wa ofisini ili mtu ajue kwamba hatushiki jembe, akaniuliza, "Ndugu, huu ni ukucha au kisu? Kaa pale, uandike wanayosema wenzako." Nikakaa, nikawaandika ng'ombe wote, mwalimu akausifu mwandiko wangu mbele ya watu, na mwisho nikapewa cheti kama wengine, mkubwa wangu akakibandika ukutani.

Sasa mkubwa huyo akanituma kwenye kijiji kimoja cha ujamaa huko juu Kalinzi, nami nikapokewa na wazee waliopiga makofi polepole kama wanavyowasalimu watu wa heshima, na badala ya kusema mimi ni karani, nikaitikia. Mwenyekiti, Ndugu Bonaventura, akanionyesha ng'ombe wa kijiji, akasema, "Ndugu mtaalamu, huyu ni tasa. Mpime tu ili kamati iridhike, tumle Saba Saba." Mama Marcelina, ambaye ndiye humkatia majani, akaja juu. "Tasa nani? Huyu ana mimba, naiona katika kutembea kwake. Wewe mwenyekiti una uchu wa nyama, na tumbo hilo tayari linamzidi ng'ombe." Watu wakacheka, kisha wote wakanigeukia mimi. Nikasema vifaa havijafika. Mama Marcelina akasema, "Vifaa gani tena, mwanangu? Si mkono? Naona unayo miwili."

Nikaahidi kurudi mwisho wa Juni. Nafikiri niseme tu kwamba ana mimba, ili asichinjwe, halafu niombe uhamisho wa Tabora kabla mambo hayajajulikana, au nimweleze Ndugu Nikodemu, ambaye sasa ni mzima, lakini atacheka, ofisi nzima itacheka, na cheti kitabanduliwa. Siku hizi hata nikimwona ng'ombe barabarani navuka upande wa pili. Nifanyeje?

Karani Mwenye Hofu, Ujiji

Mwanangu Karani,

Pole. Nimecheka nikikusoma, niwie radhi, maana shida yako ni ya kweli na mwenye kuumia ndani yake si wewe peke yako.

Hilo la Tabora lifute. Wewe utapanda treni, ng'ombe atabaki Kalinzi, na kama hana kitu, Mama Marcelina atamkatia majani mwaka mzima akimngoja ndama uliyemtunga wewe. Na ukisema hana mimba ili kumfurahisha mwenyekiti, siku ya kumchuna watamkuta ndama tumboni, watoto wa kijiji wakitazama. Utahamia wapi hapo?

Kutojua si kosa. Hata mabwana mifugo wa siku nyingi wanarudishwa darasani kwa sababu hiyo hiyo. Wewe ulikosea ulipoitikia yale makofi, na kosa hilo bado linarekebishika, ila uanze leo.

Nimemuuliza jirani yangu, bwana mifugo mstaafu, naye anasema wenzake wengi walijifunzia machinjioni. Basi jidamke, nenda machinjioni, omba kwa adabu mfuko wa uzazi wa kila ng'ombe jike anayechinjwa. Fumba macho, papasa, sema ana au hana, kisha wakupasulie uone. Kosea hapo hadi uchoke. Hao hawawezi kudhurika tena. Na shati jeupe liache nyumbani.

Ndugu Nikodemu mwambie kesho. Acha acheke, hata mimi nimecheka na hujafa. Malaria yake ndiyo iliyokupeleka mafunzoni, hatakunyima msaada. Mpande naye Kalinzi, mkono wake utangulie, wako ufuate, na neno la mwisho mbele ya kamati liwe lake. Bonaventura akiuliza mbona mtaalamu kaleta mtaalamu, mjibu: "Mimi ni karani, ninajifunza." Umeshapiga taipu maneno marefu kuliko hayo. Kama cheti kitabanduliwa, kibanduliwe. Siku utakayokistahili, gundi itapatikana.

Sasa ukucha. Umeupitia haraka kama jambo dogo, lakini mimi nimerudi kuusoma mara tatu, maana bado unao! Kwa ukucha huo utamchana ng'ombe utumbo, na mwenyekiti atapata nyama yake kabla ya Saba Saba. Daktari Hamdani alipokuambia ukaandike, ungeomba mkasi. Hukuomba, ukafurahia kusifiwa mwandiko. Ukate leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Ukishindwa, panda nao hivyo hivyo Kalinzi umpelekee Mama Marcelina, na umweleze wewe ni nani hasa. Huyo anaonekana ni mama wa kushika mkasi bila kumbembeleza mtu.